Walimtoa Mama Yangu Akiwa Ndani ya Nailoni

Nina umri wa miaka thelathini na tisa. Sijaolewa, sijazaa, na naishi Bangwe, karibu na ziwa, na mdogo wangu wa mwisho ambaye sasa ni mwalimu. Elimu yangu ni darasa la sita, tena sikulimaliza.

Nimesoma mikasa mingi ya watu humu. Wengi mnaandika mkilia. Mimi silii... mimi nina hasira! Nimekaa nayo miaka mingi, na watu wamenichosha na maneno yao ya "samehe, dada Zena, yamepita." Yamepita kwa nani? Yaliyonipata mimi si mtu wa mbali aliyenifanyia. Nilifanyiwa na mtu niliyemfungia kanga ya kwanza kiunoni, na mtu aliyeleta barua ya posa nyumbani kwetu.

Nianze mwanzo, ili mnielewe.

Baba yetu alikuwa akifanya biashara ya mawese na dagaa kati ya Kagunga na mjini. Siku moja boti aliyopanda ilipigwa na mawimbi, na hakurudi. Mama alikuwa na mimba. Alijifungua mtoto wa kike, tukamwita Mosi, na kabla Mosi hajaacha kunyonya, mama naye akaugua na kufariki. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mdogo wangu aliyenifuata, Hadija, alikuwa na kumi na mmoja.

Wanaotoka kwetu wanajua kinachofuata. Arobaini ikiisha, ndugu wanakaa kwenye mkeka kugawana watoto. Huyu aende kwa baba mdogo, huyu aende kwa shangazi, kama vile mnagawana masufuria. Mimi nilisimama mbele ya wazee na Mosi mgongoni, nikasema hatugawanywi. Shangazi yetu wa Ujiji, Bi Mwanaidi, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Haya, mama watoto!" alisema. "Tutaona kama matiti yatakuota kabla ya njaa."

Basi niliacha shule. Nilikaanga maandazi, nilibeba mchanga, niliwaosha samaki wa watu, migebuka wa ziwani, mpaka mikono ikanuka hata siku ya Idi. Hadija alisoma. Sare yake ilipigwa pasi kila Jumapili na mikono yangu! Sikumpa kazi hata ya kuchota maji wakati wa mitihani. Nilitaka mmoja wetu atoke.

Sasa sikilizeni jambo lililo kubwa kuliko yote.

Masika moja mvua ilinyesha bila huruma. Ukuta wa chumba cha mama ukaanguka, ukafunika sanduku lenye picha zetu. Tulipofukua, picha zote zilikuwa zimegeuka uji. Tuliweza kuokoa kipande kimoja tu, na kwenye kipande hicho kulikuwa na kiwiko cha mtu na nusu ya kiti.

Mosi hakuwahi kuijua sura ya mama. Alianza kuuliza alipoanza kusema. Mama alikuwaje? Mrefu? Mweusi? Alifanana na mimi? Kila mtu alimpa jibu lake. Jirani alimwambia mama alikuwa mnene, shangazi akamwambia alikuwa na mdomo. Mtoto akaanza kuwatazama wanawake wa sokoni usoni, mmoja mmoja, mpaka wengine wakamkemea. Mnajua inavyouma kumshika mtoto mkono, kumvuta, na kumwambia, "Twende, yule siye"?

Ndipo ikaja miaka ya wakimbizi.

Watu walikuwa wakivuka ziwa kila kukicha, Warundi kwa Wakongo, wengine wakiwa na godoro tu kichwani. Mji ulijaa. Magari meupe ya mashirika yalikuwa mengi kuliko baiskeli. Simu za mkononi hazikuwa zimefika kwetu, kwa hiyo kila mtu alitaka kupiga simu kwenye kibanda cha simu ya kadi. Wazungu waliwapigia wake zao, Wakongo waliwapigia ndugu zao Ulaya. Mimi niliona fursa. Nikaweka meza yangu Mwanga, pembeni ya kibanda, nikawa nauza kadi za simu.

Kadi ile ilikuwa plastiki ngumu yenye picha. Ikishakwisha maneno, watu waliitupa. Watoto walizichezea, na sisi wanawake tulikwangulia ukoko wa sufuria. Hatukujua kama kuna mtu duniani anazitaka!

Aliyetufumbua macho alikuwa mzungu mmoja, mkubwa wa shirika fulani. Alikuwa akikusanya kadi za simu kama wengine wanavyokusanya stempu. Mji mzima ulimwita Bwana Kadi. Alikuja mezani kwangu kila kadi mpya zilipofika, akainama, akazitazama kwa utulivu kama anachagua nyanya. Ndiye aliyenifundisha ustaarabu wao. Kadi iliyotumika ina thamani kidogo. Kadi mpya ina thamani zaidi. Lakini kadi ambayo nailoni yake haijafunguliwa tangu kiwandani, hiyo ndiyo mfalme.

"Hapana fungua," aliniambia, akitikisa kidole. "Wewe fungua, yeye kufa. Kwisha!"

Nilicheka. Laiti ningejua...

Siku moja liliingia toleo jipya. Kampuni ya simu ilikuwa imechapa kadi zenye picha za majalada ya magazeti ya zamani, yale ya wakati wa ujana wa wazazi wetu, yaliyochorwa kwa rangi. Palikuwa na bwana mwenye suruali pana na baiskeli mpya. Palikuwa na dada anayesikiliza redio. Juu ya kila kadi lilikuwepo jina la gazeti na bei yake ya senti, kama jalada lenyewe, ila limepunguzwa likaenea kiganjani.

Nilizipanga mezani moja moja. Nikafika kwenye moja... nikaiinua karibu na macho.

Msichana amebeba kapu la migebuka kichwani, nyuma yake ziwa. Anacheka. Ana mwanya. Juu ya nyusi ya kushoto ana kovu dogo kama mwezi mchanga.

Mama yangu!

Alikuwa ametusimulia, nasi tulidhani anajisifu tu. Kabla hajaolewa alikuwa akiuza samaki soko la Ujiji, wakaja watu wa gazeti kwa treni kutoka Dar es Salaam, na mchoraji wao akamsimamisha juani na kapu lake mpaka samaki wakaanza kunuka. Alisema baba alimpenda kwanza kwenye jalada, ndipo akaja kumtafuta sokoni. Gazeti lenyewe hatukuwahi kuliona.

Nilifunga meza mchana ule ule. Nilikwenda Ujiji kwa shangazi ili nipate uhakika. Bi Mwanaidi aliishika kadi, akaisogeza mbali na macho, akasonya.

"Ndiye. Nani mwingine? Mwanamke wa kuanikwa mbele za watu kama kanga iliyofuliwa. Kaka yangu aliaibika, hamkujua tu."

Maneno yake hayakunigusa. Nilikuwa nimepata nilichotaka. Nilikimbia nyumbani, nikampakata Mosi, nikamwambia, "Huyu hapa. Huyu ndiye." Alijishika nyusi ya kushoto, akapapasa kama anatafuta kovu na kwake.

Ilikuwa moja tu. Kwenye boksi zima, picha ile ilikuwa moja. Niliagiza tena, nikaulizia kwenye ofisi ya simu, nikapekua pipa la taka la kibanda kila mchana. Bwana Kadi aliposikia alikuja mbio. Alikuwa na toleo lote la majalada yale isipokuwa ile. Kumbe zilichapwa chache, na hata wenzake wa Ulaya walikuwa wakiitafuta! Aliniomba, akapandisha bei, akaniomba tena. Nikamwambia mama hauzwi. Alikunja uso, kisha akanisihi angalau nisiifungue nailoni.

Na mimi, mjinga mimi, nikamsikiliza! Nilijiona nimeshika kitu kikubwa, kitu ambacho hata mzungu anakitolea macho. Nikaiweka kadi kwenye sanduku la bati, ndani ya nailoni yake, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu. Kila Ijumaa baada ya swala nililifungua, tukamtazama mama. Mosi alitaka kumshika uso. Nikamzuia. Usichane! Usikunje! Mtoto akambusu mama yake juu ya nailoni.

Hadija naye alikuwa akitazama. Siku moja alisema kwa mzaha, "Mama amekuwa tajiri kuliko sisi." Nilicheka, sikuona kitu.

Sasa nimlete mwanaume.

Aliitwa Bilali. Alikuwa dereva wa shirika lile lile la Bwana Kadi, ndiye aliyekuwa akimleta mezani kwangu. Miaka ile, kupata dereva wa shirika ilikuwa kama kupata mtoto wa sultani! Wasichana wa Mwanga walikuwa wakilijua gari lake kwa mlio. Mimi sikumfuata. Yeye ndiye aliyekuwa akinunua kadi asizozihitaji ili asimame kuzungumza. Alinisifu kwa kulea wadogo zangu. Alisema mwanamke wa namna yangu hapatikani tena.

Nilimwamini. Nani asingeamini? Alileta barua ya posa kwa baba mdogo, posa ikapokelewa, harusi ikapangwa iwe mfungo mosi, Ramadhani ikiisha. Nikaanza kununua vyombo. Sufuria, mashuka, doti za kanga, nilivihifadhi juu ya dari. Alikuja kwetu kula futari. Hadija ndiye aliyemwandalia, kwa sababu mimi nilichelewa kutoka mezani kwangu Mwanga. "Shemeji, chumvi imetosha?" "Imetosha, shemeji, mkono wako mtamu." Niliwasikia nikiwa uani nanawa miguu, na moyo wangu ukafurahi kwamba wanapatana. Nilifurahi, jamani!

Kisha shirika likaanza kupunguza watu. Fedha za wafadhili zilipungua, madereva wakaanza kuachishwa kazi. Bilali akakonda. Jioni moja aliniambia pole pole kwamba Bwana Kadi ndiye anayeamua nani abaki, na kwamba ana shauku moja tu katika mji huu. Nikaelewa kabla hajamaliza.

"Hapana," nikamwambia.

"Zena, ni plastiki."

"Ni mama."

"Mama yako yupo makaburini Rusimbi. Mimi niko hapa, naomba kazi ya kukulisha wewe!"

Tuligombana sana. Aliondoka bila kuaga. Kesho yake alirudi na mkate na sukari, akaniomba radhi, akasema shetani alimpitia. Hakuitaja kadi tena. Nilidhani nimeshinda.

Baada ya hapo nikashikwa na malaria kali. Nililala sijitambui. Nilimpa Hadija ufunguo wa sanduku achukue akiba, akaninunulie dawa. Nilipopata nafuu alinirudishia ufunguo, akaufunga mwenyewe kwenye pindo la kanga yangu, akanifunika shuka. Mdogo wangu huyo!

Ijumaa ikafika. Mosi akaoga, akaja kukaa mbele ya sanduku kama kawaida yake. Nikafungua.

Mama hakuwepo.

Nilitoa nguo zote. Nilikung'uta kila kitambaa. Nililipindua sanduku, nikalipiga matako kama vile lingetapika. Mosi alikuwa akiniuliza, "Mama amekwenda wapi, dada?" Swali lile... sitalisahau mpaka nazikwa.

Hadija ndiye aliyelia kuliko wote! Alijitupa chini. Kisha akakaa, akafuta kamasi, akasema, "Ni yule Mkongo wako."

Mkongo wangu alikuwa Mama Sifa. Alikuwa mkimbizi aliyevuka na watoto wake, akapata kazi ya kupika nyumbani kwa Bwana Kadi. Alipokuja kumpigia simu kaka yake alikaa mezani kwangu akinisuka nywele, na nilipougua aliniletea uji. Bilali naye alifika, akashikilia hapo hapo. Wakimbizi wote wezi, aliingia chumbani ukiwa umelala, tuwaite mgambo wamrudishe kambini. Walisemezana, mmoja akianza na mwingine akimalizia, kama watu waliofanya mazoezi. Majirani wakachangamka. Mji wetu miaka ile ulikuwa tayari kumla mkimbizi kwa kosa lolote, kuku akipotea ni yeye, ndoo ikipotea ni yeye.

Nilikataa. Niliwaambia mtu aliyeniletea uji simwitii mgambo bila ushahidi. Bilali alinitazama kwa hasira, akasema, "Kumbe unampenda Mkongo kuliko sisi." Sisi! Neno lile nililisikia, lakini sikulipima.

Habari zilimfikia Mama Sifa kabla jua halijazama, na kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe mezani, mbele za watu, mikono kiunoni, akaniita yaya, yaani dada, kama siku zote.

"Yaya Zena, wanasema miye mwizi?"

Nikamwambia mimi sijasema.

"Basi sikia, na hawa wote wasikie. Mama yako iko ku nyumba ya bosi wangu. Nimeiona na macho yangu. Amemutia ndani ya kitabu yake ya kadi, anamuangalia kila saa. Na wenye walimuleta ni muchumba wako na mudogo wako. Walikuja na gari. Mudogo wako alikaa mbele, anacheka. Bilali akamuambia bosi: huyu ndiye bibi yangu, tunaoana."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza, mdogo wangu yupi? Akanihurumia kwa macho.

"Hadija, yaya. Na tumbo yake haiko peke yake. Miye ni mama, najua."

Watu waliokuwa kwenye foleni ya simu waligeuka kututazama. Kisha mmoja akacheka. Mnajua kicheko kile cha sokoni, kinachoanza kwa mtu mmoja kikatembea?

Sikumfuata Hadija. Sikumfuata Bilali. Nilikwenda nyumbani, nikamvalisha Mosi gauni lake la Idi, nikamshika mkono, tukapanda kilima mpaka nyumbani kwa Bwana Kadi. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Gari la Bilali lilikuwa uani na Bilali alikuwa akilifuta vioo. Aliponiona aliangusha kitambaa.

"Zena, hapa si mahali pake. Tutaongea nyumbani."

Nilimpita kama mtu anavyopita jiwe.

Bwana Kadi alitoka barazani na leso kifuani. Nikamsalimu kwa adabu. Nikamwambia nasikia amepata ile kadi, na mtoto huyu anaomba kuiona mara moja tu. Hakuona aibu hata kidogo! Alifurahi. Alisema zawadi nzuri sana, familia nzuri sana, akaenda kuleta kitabu chake kikubwa. Akafungua ukurasa. Mama alikuwa hapo, kati ya bwana wa baiskeli na dada wa redio, amebanwa kwenye kimfuko.

Nikamwambia kadi hiyo iliibwa sandukuni kwangu. Akasema yeye alipewa na wenye nayo, dada wa familia, na alishasaini mkataba mpya wa Bilali. Kisha akafikiri, akanionea huruma ya kizungu. Akasema ofisini ana mashine ya kutoa nakala. Atanitolea picha ya mama kwenye karatasi, kubwa, bure.

Nakala! Mama yangu wa rangi awe wa masizi, ili yeye abaki na wa kweli!

Mosi ndiye aliyesema. "Naomba nimshike."

Bwana Kadi alisita, akaitoa kadi kwa ncha za vidole, akampa mtoto. Mosi akanipa mimi. Sijui kama alielewa anachofanya, lakini alinipa.

Nikaipeleka mdomoni, nikaichana nailoni kwa meno.

Niliichana kuanzia pembeni mpaka mwisho, nikaivua kama mtu anavyompara samaki magamba. Bwana Kadi alipiga kelele kama nimemchinja mtu. Bilali alikuja mbio, akapiga magoti sakafuni, akawa anaokota vipande vya nailoni na kujaribu kuvinyoosha juu ya paja lake. Mwanaume mzima, na suruali yake ya pasi!

"Umenivunjia kazi, Zena! Umenivunjia maisha!"

Mimi nilimpa Mosi kadi. "Mshike mama," nikamwambia. Akamshika usoni kwa kidole, pale kwenye kovu.

Bwana Kadi aliutazama mkono wa mtoto ukipita juu ya kadi, akafunga kitabu. Hakuitaka tena. "Chukua," alisema. "Sasa yeye takataka." Na mimi nikajibu Inshallah awe takataka hivyo hivyo mpaka kiama, mradi awe kwangu.

Tuliteremka kilima, mama yuko mkononi mwa Mosi. Msidhani nilikuwa na furaha.

Kilichofuata mnaweza kukikisia. Mkataba wa Bilali haukudumu, Bwana Kadi alimwachisha kazi. Lakini kabla ya kuondoka Bilali alimchongea Mama Sifa, naye akafukuzwa siku hiyo hiyo, akarudishwa kambini na watoto wake. Nilimtafuta, sikumpata tena. Hilo nalo liko kwenye hesabu ya hasira yangu.

Hadija hakukana. Alisimama katikati ya chumba nilichokijenga kwa mikono yangu, akaniambia kwamba mimi nilikuwa nimeshakuwa mama, sikuhitaji mume, yeye ndiye aliyehitaji maisha. Akasema kadi ilikuwa ya mama yetu sote, na yeye alichukua sehemu yake. Ndugu walikaa tena kwenye mkeka. Shangazi Mwanaidi akatoa hukumu: mimba ipo, aibu ipo, harusi ifungwe siku ile ile iliyopangwa, abadilishwe bibi harusi tu. Na vyombo vilivyo juu ya dari apewe Hadija, kwa kuwa mimi sina haja navyo!

Nilivishusha mwenyewe. Sufuria, mashuka, kanga, vyote. Nikavipanga mlangoni, nikawaambia vikishatoka, na yeye atoke, na mlango huu asiujue tena.

Mezani watu walinikejeli. "Zena, kadi yako imekatika?" "Zena, una ya dereva hapo?" Nilikaa. Sikuhama hata siku moja! Niliuza kadi pale pale mpaka simu za mkononi zilipokuja na vibanda vikaota kutu, na ada za shule za Mosi zilitoka kwenye meza ile. Watu wameniuliza kama niliwahi kupiga simu kwa kadi ya mama. Nimpigie nani?

Miaka ikapita. Mwaka juzi alikuja mwanamke mlangoni, amechakaa, ana binti wa umri wa shule. Sikumtambua mpaka alipotoa shikamoo. Bilali alimwacha zamani, akaoa Kasulu. Hadija hakuomba chakula wala pesa. Alisema binti yake anasikia tu habari za bibi yake aliyetoka kwenye gazeti, na wenzake shuleni wanamwita mwongo. Akaomba amwone.

Mosi alinitazama.

Nilimwita mtoto ndani, nikamkalisha, nikampa kadi mkononi. Imekwaruzika sasa, pembe moja imevunjika, lakini mama bado anacheka. Binti aliikamata kwa mikono miwili, akakaa nayo kadiri alivyotaka. Hadija alisogeza mguu aingie. Nikamwambia wewe baki hapo. Akabaki mlangoni, akinyoosha shingo, na kutoka pale alipokuwa aliweza kuona mgongo wa kadi tu.

Semeni nina roho mbaya. Semeni!

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi dada na kaka wakubwa mliobaki na wadogo mikononi, nisikieni. Kama una kitu cha marehemu wako, usimruhusu mfanyabiashara akufundishe namna ya kukitunza. Kishike, kichakae, watoto wakichafue kwa vidole vyao. Mimi nilimfungia mama yangu kwa ajili ya macho ya wanunuzi, na siku walipomchukua alikuwa safi, tayari kwa soko. Ningeichana nailoni ile siku ya kwanza, asingekuwepo mtu wa kumtamani zaidi ya sisi watatu.

Na wadogo zenu walisheni, wasomesheni, lakini wapeni na kazi ya kuchota maji. Mimi nilimlea Hadija akijua kwamba kila kilicho changu kitafika kwake akisubiri kidogo. Hakuona kosa kutosubiri.

Msipite nilikopita. Na wewe unayefungua mdomo uniambie nisamehe, kwanza mwambie Hadija aje aingie kwa kuomba radhi. Tangu siku ile amekuja mara mbili kumchukua binti yake anapotutembelea hapa kwetu, na bado anaomba kadi tu.